Mezani na begani: kuchagua njia ya kuweka kazi sawa kwenye kompyuta mbili

Kalenda ya mteja iko kwenye kompyuta ya mezani, Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala. Laptopu iko begani, ndani ya taksi ya Ntinda. Saa tatu usiku mteja anapiga simu: namba moja ya simu imekosewa, na asubuhi kazi inapelekwa kuchapwa. Fungua laptopu, unakuta faili ni la juzi. Unalirekebisha hilo hilo kwa kuwa ndilo ulilo nalo, na kesho yake una kalenda mbili, kila moja ina kitu ambacho nyingine haina.

Watu wenye mashine mbili hupoteza kazi kwa njia hiyo, si kwa virusi au diski kufa peke yake: faili moja linahaririwa pande mbili kabla pande hizo hazijakutana. Kwa hiyo kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, jiulize mashine zako hukutana wapi, na mara ngapi. Kukutana maana yake zote mbili zimewashwa kwa wakati mmoja na kuna njia ya data kati yao. Anayefanyia kazi nyumbani anazikutanisha kila jioni. Wakala wa forodha mwenye meza mpakani Malaba na familia Kampala anazikutanisha mwisho wa wiki, au hazikutani kabisa kwa sababu ya mezani haiondoki Malaba. Jibu lako hapa litaondoa nusu ya njia zilizo hapa chini.

Vya kupimia

Cha kwanza ni bando. Data Uganda inalipiwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na VAT iko juu yake. Hesabu ni MB ngapi zitapita kwenye laini ya kulipia, na kama zile zile zitapita mara mbili.

Cha pili ni umeme. Ukikatika, laptopu inaendelea na ya mezani inazimika, hivyo kila njia inayotegemea ya mezani iwe macho lazima ijibu swali hilo.

Cha tatu ni aina ya mafaili. Barua ya Word ya KB 200, bango la Photoshop la MB 800 na daftari la hesabu la QuickBooks ni wanyama watatu tofauti.

Cha nne ni kosa: ukihariri pande mbili, au ukifuta kwa bahati mbaya, njia hiyo inakufanya nini?

Cha tano ni usiri. Anayeshika taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wakimbizi anabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na flashi iliyodondoka kwenye boda ni jambo la kujibia.

Yanayotangulia njia yoyote

Mambo haya manne yasipokaa sawa, hakuna programu itakayokusaidia.

Saa. Kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika, zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk unazozikuta madukani Kampala, nyingi zina betri ya ubao mama iliyokwisha. Ni CR2032, ya duara kama sarafu. Dalili zake: umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, kivinjari kinakataa tovuti kikisema cheti si halali, na wingu (hifadhi ya mtandaoni kama OneDrive) linakataa kukuingiza. Baya zaidi, programu inayolinganisha mafaili kwa tarehe inaiona kazi ya leo kuwa ya zamani, kisha inaifunika kwa ya juzi. Zima, chomoa waya wa ukutani, fungua ubavu, sukuma kiklipu kidogo betri iruke, weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Washa, weka tarehe kwenye BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Kwenye Windows chagua saa za eneo "(UTC+03:00) Nairobi". Kampala haimo kwenye orodha hiyo, na hiyo ndiyo yetu.

Majina. Zipe mashine majina yanayosomeka, kwa mfano MEZANI na BEGANI, badala ya lile la DESKTOP na herufi za ovyo lililowekwa na Windows. Mgongano ukitokea, baadhi ya programu huandika jina la mashine kwenye nakala ya pili, nawe utajua mara moja ipi ilitoka wapi.

Programu na fonti. Mafaili yanaweza kuwa sawa na kazi bado ikaharibika. Tangu 2023 Microsoft 365 huanzisha waraka kwa fonti ya Aptos. Office ya 2016 iliyo mezani haina fonti hiyo, inaweka nyingine, mistari inasogea, na saini iliyokaa chini ya ukurasa wa pili inahamia wa tatu. Ama weka toleo moja pande zote, ama rudisha Calibri iwe fonti ya kawaida kwenye laptopu. Kuhamisha orodha ya programu, fungua dirisha la amri kwenye mashine iliyokamilika, andika `winget export -o orodha.json`, peleka faili hilo kwenye nyingine, andika `winget import -i orodha.json`. Zisizopatikana humo utazisakinisha kwa mkono. Wa Nasser Road wakumbuke folda ya fonti zao. Na ikiwa ya mezani ni ya Intel kizazi cha saba kwenda chini, haimo kwenye orodha ya Microsoft ya mashine zinazokubaliwa na Windows 11, nayo Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo liingie kwenye hesabu kabla hujatumia pesa kuzifananisha.

Barua pepe na daftari la hesabu. Akaunti iliyowekwa kwa POP3 huvuta barua hadi mashine moja na mara nyingi kuzifuta kwenye seva. Iweke upya kwa IMAP, inayoziacha barua kwenye seva, pande zote, barua zitaonekana sawa bila kusawazisha chochote. Faili la Outlook la .pst, la Access la .accdb na la QuickBooks la .qbw yasiwekwe kwenye folda inayosawazishwa huku programu ikiwa wazi. Programu huandika ndani ya mafaili hayo kidogo kidogo, msawazishaji anachukua nakala katikati ya maandishi, na upande wa pili unapokea daftari lisilofunguka.

Njia ya kwanza: wingu

Unaweka folda moja ya OneDrive, Google Drive au Dropbox pande zote, na seva iliyo mbali inakaa katikati. Bure unapata GB 5 kwa OneDrive, GB 15 kwa Google (ukigawana na Gmail na picha zako), na GB 2 kwa Dropbox, tena vifaa vitatu tu.

*Bando.* Hapa ndipo wingu linapouma. Faili la MB 300 linapanda kutoka mezani na kushuka kwenye laptopu: MB 600, hata kama mashine mbili zimekaa meza moja. Dropbox inaweza kupitisha sehemu ya kushuka ndani ya mtandao wa nyumbani, lakini kupanda kunabaki. Mara ya kwanza ndiyo mzigo: GB 40 kwa laini inayopandisha Mbps 5 ni saa 18 hivi mfululizo. Fanya upakiaji huo ukiwa kwenye laini isiyohesabu MB. Kisha ingia kwenye sifa za Wi-Fi ya hotspoti ya simu na uwashe "Metered connection". OneDrive husimama yenyewe ikikuta hilo, na Windows nayo hupunguza masasisho yake.

*Umeme.* Wingu lina nguvu hapa. Ya mezani ikizimika, kazi iko kwenye seva, mradi ilikuwa imekwisha kupanda. Usiondoke ofisini kabla mishale miwili inayozunguka haijageuka kuwa alama ya tiki.

*Mafaili.* Nyaraka, lahajedwali, picha za kawaida: safi. Video na mabango makubwa: utalipa. Na jifunze alama za OneDrive, maana ndizo huwaangusha wanaokwenda vijijini. Wingu la buluu kando ya faili maana yake faili halimo kwenye mashine yako, ni jina tu. Afisa wa shirika anayekwenda kambi ya wakimbizi ya Nakivale wiki nzima akiwa na mawingu ya buluu ameenda mikono mitupu. Siku moja kabla, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua "Always keep on this device", subiri duara la kijani lililojaa. Google Drive ina jambo lile lile: ikiwa umechagua "Stream", mafaili yako mbali, ukichagua "Mirror", yako kwako.

*Kosa.* Ukihariri pande zote, kwa kawaida unapata nakala mbili zenye majina tofauti, hakuna inayopotea kimya kimya. Ulichofuta kinakaa kwenye pipa siku 30 kwa akaunti za kawaida za bure. Kosa lisilo na dawa ni mtandao kufungwa: kuanzia tarehe 13 hadi 18 Januari 2021 intaneti ilizimwa nchini kwa ajili ya uchaguzi, na aliyekuwa na faili kwenye wingu peke yake alilisubiri.

*Usiri.* Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha chapa misimbo ya akiba na uiweke na hati zako. Laini ya simu ikipotea, ujumbe wa SMS haufiki na akaunti inabaki imefungwa.

*Inamfaa* mwenye nyaraka nyepesi, laini ya kudumu nyumbani au ofisini, na mashine zisizokutana mara nyingi. Akifanya kazi na wenzake kwenye faili moja, hakuna njia nyingine inayokaribia hii.

Njia ya pili: Syncthing, mashine kwa mashine

Hii ni programu ya bure isiyo na seva ya kuhifadhi katikati. Mashine mbili zinatambuana, zinapelekeana mabadiliko moja kwa moja, basi.

Inavyowekwa: sakinisha pande zote, fungua kivinjari kwenye 127.0.0.1:8384. Kwenye menyu ya "Actions" chukua kitambulisho cha MEZANI, kiongeze kwenye BEGANI, kubali ombi linalotokea MEZANI. Ongeza folda, iruhusu kwa mashine ya pili, kubali. Windows ikiuliza kuhusu ukuta wa moto, ruhusu mtandao wa "Private". Ukiukatalia hapo, mashine hazitaonana nawe utatafuta kosa pasipo na kosa.

*Bando.* Ndani ya Wi-Fi moja, au kwa waya, hakuna MB ya kulipia hata moja. Ruta isiyo na bando inatosha. Waya wa mtandao wa kawaida kati ya mashine mbili bila ruta unatosha pia: ipe mashine moja anwani 10.0.0.1 na nyingine 10.0.0.2, zote kwa 255.255.255.0. Kwa tundu za gigabiti, GB 40 zinavuka kwa dakika sita hadi kumi. Kwa Wi-Fi ya zamani ya 2.4 GHz tarajia saa mbili na zaidi. Tahadhari moja kubwa: mashine zikishindwa kuonana ndani ya mtandao, kama kwenye Wi-Fi ya wageni inayotenga vifaa, Syncthing hutafuta njia ya nje na kupita kwenye seva za kupokezana. Hapo bando linaondoka bila taarifa. Usiyetaka hilo, ondoa tiki kwenye "Enable Relaying" na "Global Discovery".

*Umeme.* Udhaifu wake uko hapa. Ya mezani ikiwa imezimwa, hakuna kukutana. Dawa ni mashine ya tatu isiyolala, na wengi tayari wanayo mfukoni: simu ya Android yenye Syncthing-Fork na nafasi ya kutosha. Simu inapokea kutoka mezani mchana, inaipa laptopu usiku. Izuie simu isiue programu hiyo ili kuokoa betri, vinginevyo itakuwa imelala siku utakayoihitaji.

*Mafaili.* Hugawa faili vipande na kupeleka kile kilichobadilika tu. Faili la GB 10 ulilolibadilisha sehemu ni mzigo mwepesi kuliko ulivyodhani, ikiwa programu yako haikuliandika upya lote. Tengeneza orodha ya visivyohitajika: `~$*` (vivuli ambavyo Word huviweka waraka ukiwa wazi), `*.tmp`, `Thumbs.db`, `desktop.ini`. Orodha hii, .stignore, haisafiri yenyewe. Iandike pande zote mbili.

*Kosa.* Ukihariri pande zote, moja inabaki na jina lake na nyingine inaongezewa maneno "sync-conflict", tarehe na saa. Tafuta neno hilo kwenye folda kila Ijumaa, maana hakuna atakayekupigia kengele. Kufuta ni kali zaidi: ukifuta mezani, kunafutwa na begani muda mfupi baadaye. Kwa hiyo kabla ya kuweka kazi halisi, washa "File Versioning", aina ya "Staggered", pande zote. Ielewe inavyofanya kazi: mashine hutunza toleo la zamani pale mabadiliko yanapotoka kwa mwenzake, si yanapofanyika juu yake yenyewe. Ukiharibu faili kwenye BEGANI, toleo zima liko kwenye .stversions ya MEZANI. Wengi hulitafuta upande usio wake na kukata tamaa bure.

*Usiri.* Data husafiri imefungwa na haikai kwa mtu mwingine. Laptopu ikiibwa, aliyeiiba anayo folda nzima, hivyo diski yenyewe lazima ifungwe kwa BitLocker (kifungio cha Windows kinachodai nywila) au mfano wake.

*Inamfaa* mwenye mafaili mazito na mashine zinazolala nyumba moja. Haimfai anayetaka kuweka na kusahau. Lazima ujue kusoma kama imeandikwa "Up to Date" au la.

Njia ya tatu: diski ya mkononi na FreeFileSync

Usiidharau. Anayekwenda Arua kwa basi usiku kucha hahitaji mtandao, anahitaji SSD ndogo ya GB 500 na nidhamu.

FreeFileSync inaonyesha folda mbili, kushoto mashine na kulia diski, kisha inakupa orodha ya kitakachotokea kabla hakijatokea. Isome orodha hiyo. Chagua "Two way". "Mirror" inaifanya kulia iwe sawasawa na kushoto, na ukigeuza upande kwa bahati mbaya inafuta kazi ya siku nzima. Ndivyo ilivyo pia kwa amri ya `robocopy /MIR`. Weka ufutaji uende "Versioning" au pipani. Mpangilio ni mmoja, hauna likizo: ukifika, diski kwenda mashine kabla hujafungua chochote, ukiondoka, mashine kwenda diski baada ya kufunga kila kitu.

*Bando:* sifuri. *Umeme:* ukikatika katikati ya kunakili kwenye diski iliyopangiliwa kwa exFAT, orodha ya mafaili inaweza kuvurugika kwa kuwa exFAT haiandiki kumbukumbu ya kila badiliko ya kujirekebishia. Kama mashine zote ni Windows, ipangilie NTFS. FAT32 iache kabisa, haikubali faili la kufikia GB 4. *Mafaili:* yoyote, hata daftari la QuickBooks, mradi umelifunga kwanza. Tundu la buluu la USB 3 na SSD hunakili GB 40 za video kwa dakika chache. Tundu la USB 2 ni zaidi ya dakika 20.

*Kosa.* Mawili ya hapa kwetu. Kwanza, flashi bandia: imeandikwa TB 1, ndani ni GB 32, na inakubali kupokea kila kitu kisha inaandika juu ya ilichopokea mwanzo. Ukinunua, ipime yote kwa H2testw kabla ya kuweka kazi, hata ikichukua usiku mzima. Pili, virusi vya njia za mkato, vinavyookotwa kwenye kompyuta za maduka ya kuchapisha. Folda zako zinageuka vishale, na za kweli zimefichwa. Usibofye kishale. Safisha kwa programu ya kuua virusi, kisha kama diski ni E, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` mafaili yatarudi kuonekana. Ili kuepuka yote, flashi ya kupeleka kwa mchapaji isiwe diski yako ya kazi.

*Usiri.* Ifunge kwa BitLocker To Go. Kuifunga kunahitaji Windows Pro, kuifungua hata Home inaweza. Au tumia VeraCrypt.

*Inamfaa* asiye na mtandao wa kuaminika, mwenye mashine zilizo miji miwili, na mwenye tabia ya utaratibu. Asiye na utaratibu atasahau diski siku moja, na siku hiyo ndiyo itakayomrudisha kwenye kalenda mbili.

Njia ya nne: kuingia mezani ukiwa mbali

Hapa husawazishi kitu. Kazi iko mezani, laptopu ni dirisha. Kwa kuwa faili ni moja tu, mgongano hauwezekani, na ndiyo njia salama kwa daftari la hesabu na programu yenye leseni ya mashine moja.

Remote Desktop ya Windows inahitaji mashine inayoingiliwa iwe na toleo la Pro. Chrome Remote Desktop haijali. Usifungue mlango 3389 kwenye ruta uelekee intaneti, wavamizi wanaugonga mchana na usiku. Pitia Tailscale, programu inayounganisha mashine zako kwa njia ya siri, ambayo inavuka hata laini za simu zisizo na anwani ya umma.

*Bando* linatumika muda wote unaofanya kazi, na laini ikiyumba kila herufi inachelewa. Kuchora kwa njia hii ni mateso. *Umeme* ndio shingo yake. Weka UPS (betri ya akiba), na kwenye BIOS tafuta "AC Recovery" kwa Dell au "After Power Loss" kwa HP, uweke iwake yenyewe umeme ukirudi. Zima usingizi wa Windows. Ruta nayo iingie kwenye UPS hiyo hiyo. *Kosa* la faili ni dogo, kosa la kukosa kabisa ni kubwa: mezani ikizimika, huna kitu mkononi. *Usiri* ni mzuri, laptopu ikiibwa haina faili. *Inamfaa* mhasibu na karani mwenye ofisi yenye jenereta au sola, na laini nzuri pande zote.

Njia ya tano: laptopu moja, skrini kubwa

Swali ambalo wachache hujiuliza ni kama kompyuta mbili zinahitajika kweli. Skrini ya inchi 24, kibodi, kipanya na waya wa HDMI vinaipa laptopu meza nzuri. Bando sifuri, mgongano haupo, fonti ni zile zile, na betri yake ni UPS. Hakikisha tundu la USB-C linatoa picha kabla ya kununua kituo cha kuunganishia. Mengi ni ya chaji na data tu. Kwenye mipangilio ya umeme weka kifuniko kikifungwa "Do nothing" wakati imechomekwa.

Gharama yake ni moja na ni nzito: ikianguka, ikimwagikiwa chai au ikiibwa, umebaki bila kompyuta na bila kazi. Ya mezani isiuzwe basi. Igeuze mahali pa chelezo, ipokee nakala kila jioni na isifanyiwe kazi nyingine. Mwenye kuchakata video nzito atakuta laptopu ya bei ya kati inachemka na kupunguza kasi, na huyo bado anahitaji zote mbili.

Kwa hali yako

Nyaraka za Word na Excel, jumla haifiki GB 15, unahama kati ya ofisi na nyumba: wingu. Usiongeze kitu kingine, ila nakala ya mwezi kwenye diski iliyofungwa kabatini, kwa sababu kusawazisha si chelezo. Faili lililoharibika husawazishwa likiwa limeharibika.

Mchoraji au mpiga picha, mafaili ya makumi ya GB, mashine zinalala nyumba moja: Syncthing kwa waya au ruta ya nyumbani, matoleo yamewashwa pande zote. Mteja akihitaji kuona kazi, mpelekee PDF kupitia wingu, si folda nzima.

Mezani iko Malaba, wewe uko njiani: diski na FreeFileSync kwa mafaili, na kama ofisi ina umeme wa akiba, ongeza kuingia kwa mbali kwa ajili ya programu ambazo hazihami. ASYCUDA World, mfumo wa forodha, iko kwenye seva ya mamlaka ya mapato, URA, haihitaji kusawazishwa. Kinachohitaji ni skani za hati unazoambatisha.

Unakwenda kambini au kijijini kwa wiki bila mtandao: wingu lenye mafaili yote yamebaki kwenye laptopu, na mezani isiguswe na mtu hadi urudi. Ikiwa kuna mwenzako anayeitumia, kubalianeni folda gani ni yake wiki hiyo. Ukirudi, unganisha laptopu kwanza, subiri tiki, ndipo mezani ifunguliwe.

Daftari la QuickBooks au Access: faili moja, mashine moja, ingia kwa mbali. Ikibidi usafiri nalo, funga programu, linakili kwenye diski, kisha lipe jina jipya faili lililobaki mezani, mfano "LIMESAFIRI 12 MEI", ili asiwepo wa kulifungua kwa mazoea.

Hujanunua ya pili bado, na kazi zako ni za kawaida: nunua skrini kwanza, ukae nayo miezi miwili.